Anzeni na Namba Tatu

Ukitaka kupima kama mtu anaijua raga, usimuulize nani amefunga trai nyingi. Muulize hivi: ukikabidhiwa timu ya taifa leo, jina la kwanza utakaloliandika kwenye karatasi ni la nani? Wengi watataja winga mwenye mbio, au mpigaji penalti asiyekosa. Wachache watanyamaza kidogo, kisha watakuuliza swali: "Namba tatu tunaye?" Hao ndio wa kuvuta kiti ukae nao.

Huku kwetu Ushetu, mchezo ni soka. Kijiwe chochote cha Nyamilangano au Bulungwa kitabishana hadi giza kuingia kuhusu nani aongoze mashambulizi ya Taifa Stars, na kila mmoja atakuwa na magoli ya kuhesabu kutetea mtu wake. Raga iko mbali nasi. Hapa Tanzania makao yake yamekuwa zaidi Dar es Salaam, Arusha na Moshi, na upande huu wa Kahama sijapata kuziona nguzo zake zenye umbo la H. Ukitafuta timu ya taifa ya raga iliyo jirani na yenye historia ndefu ya kubishaniwa, utavuka mpaka hadi Kenya, kwa Simbas. Uwanja wa Barabara ya Ngong jijini Nairobi umeona mengi: mwaka 1955 timu ya Afrika Mashariki ilicheza Nairobi na British Lions ikafungwa 39–12. Mchezo huu si mgeni katika ukanda wetu.

Mimi huifuatilia timu hiyo kwa simu na kwa mazungumzo na Wakenya ninaokutana nao, na nakiri kwamba kinachonivutia kuliko trai ni mabishano yanayotangulia mechi, hasa yanayowahusu fowadi. Katika soka ubishi wa washambuliaji ni ubishi wa mtu na mtu. Katika raga, fowadi ni watu wanane wanaofanya kazi moja, na ukimgusa mmoja umewagusa wote. Ndiyo maana kuwachagua ni ufundi, na kubishana vizuri kuhusu uchaguzi wao nako ni ufundi.

Timu ina wachezaji 15. Waliovaa namba 1 hadi 8 ni fowadi. Watatu wa mbele ni propu wawili, namba 1 na namba 3, na katikati yao huka, namba 2. Nyuma yao wanafuata maloku, 4 na 5, warefu kuliko wote. Flanka wawili, 6 na 7, hukaa ubavuni, na namba 8 hufunga nyuma. Wakifungana mikono na kuinama kukabiliana na wanane wa upande wa pili, hiyo ndiyo skramu. Kwa timu kubwa za dunia, wanane hao huwa na karibu kilo 900 au zaidi, na wanane wa upande wa pili wana kiasi hichohicho. Uzito wote huo unakutana kwenye mabega ya watu sita.

Sasa mtazame namba tatu. Namba moja wa kila upande kichwa chake hubaki nje; ubavu wake wa kushoto uko huru, anaweza kupumua, kupinda kidogo, hata kudanganya. Namba tatu hana ubavu huru. Kichwa chake huingia kati ya namba moja na huka wa wapinzani. Bega lake la kulia linabanwa na huyo, la kushoto linabanwa na yule, na nyuma yake loku na flanka wake mwenyewe wanamsukuma kwa nguvu zao zote. Akiinua nyonga kidogo tu, nguvu ya wenzake inapita juu na kupotea. Akiishusha mno, skramu inaanguka na mwamuzi anapuliza filimbi. Kazi yake ni kuweka mgongo ulionyooka katikati ya msukosuko ambao usingemwacha mtu wa kawaida hata asimame.

Nguvu anazihitaji, lakini nguvu peke yake haifiki popote. Mtazame anavyopanga miguu kabla mwamuzi hajatoa amri: vidole vya mbele vimechimba majani, magoti yamekunjwa kiasi, uzito uko kwenye nyayo za mbele. Amri ni tatu, kuinama, kushikana na kuingia, na kati ya moja na nyingine kuna nusu pumzi ya ukimya. Propu mzuri huitumia nusu pumzi hiyo kusikiliza mwili wa mpinzani. Anahisi kama mkono uliomshika umelegea, kama mguu mmoja umesogea. Kisha anangoja. Wanaokimbilia kusukuma huishiwa mapema. Anayejua husubiri mpinzani abadilishe mguu, na hapo ndipo anaposogea hatua fupi, sentimita chache, na fowadi wote wanane wanasogea naye. Mtazamaji aliye jukwaani anaona lundo la watu walioinama. Aliyezoea kutazama anaona kazi ya mikono na miguu iliyo safi kuliko kitu chochote uwanjani.

Mkulima wa Ushetu hahitaji kuelezwa sana jambo hili, kwa sababu analijua kwa maksai wake. Anayechagua ng'ombe wa jembe haendi zizini kuchukua wawili walio wakubwa kuliko wote. Anatazama shingo, mabega, miguu ya nyuma, na tabia. Anataka wawili wenye kimo kinacholingana na mwendo unaolingana, maana dume kubwa likifungwa nira moja na dogo, nira inakaa upande na mtaro unapinda shamba zima. Anajua pia kwamba ng'ombe aliyezoea kutembea ndani ya mtaro, upande wa kulia, ukimhamishia kushoto anachanganyikiwa, hata kama nguvu zake ni zilezile. Na ndama mgeni humfunga pamoja na mzee aliyefundwa, msimu wote, kabla ya kumtegemea. Kila hoja ya maana niliyopata kuisikia kuhusu kuchagua propu imo katika maarifa hayo: ulinganifu, upande, na muda.

Hapa ndipo mabishano mazuri yanapoanza. Mtu anasema: flanka fulani anakimbia, ana mikono mizuri, mwekeni awe loku ili timu iwe na kasi. Hoja inavutia. Lakini mjuzi hataanza na kasi yake. Ataanza na yule atakayekuwa mbele yake. Loku ndiye injini ya propu. Ukiweka mtu mwepesi nyuma ya namba tatu, namba tatu anapokea msukumo mdogo, nyonga zake zinapanda, anaadhibiwa kwa penalti. Wapinzani wanapiga mpira hadi karibu na kona yako. Unarushwa ndani katikati ya mistari miwili ya watu, hiyo inaitwa lainauti, wanaukamata, wanasukuma kwa pamoja, na dakika mbili baadaye ni trai. Anayelaumiwa ni beki aliyekosa kukaba, ilhali trai ile ilianza siku ile kocha alipoandika jina la loku.

Lainauti yenyewe ina hesabu zake. Anayeruka huinuliwa na wenzake, na mara nyingi wanaomwinua ni propu. Kwa hiyo propu asiyeweza kunyanyua mikono kwa haraka huishusha timu hata kama katika skramu ni mwamba. Anayerusha ni huka. Huka hodari wa kusukuma lakini mwenye mrusho unaoyumba atakugharimu mpira mara tano kwa mechi. Mwenye mrusho uliotulia lakini shingo nyembamba atakugharimu katika skramu. Je, umchague nani? Hakuna jibu la jumla. Inategemea maloku ulio nao ni warefu kiasi gani, inategemea wapinzani wanakuogopea wapi, inategemea hata mvua. Jibu la haraka hapa ni dalili kwamba anayejibu hajayafikiria mambo haya.

Na bado hujafika benchi. Katika kikosi cha watu 23 kanuni inataka wawepo wachezaji sita wa mstari wa mbele, wawili kwa kila nafasi, kwa sababu ya usalama: mtu asiyefundishwa kazi hiyo akiingizwa pale shingo yake iko hatarini. Kwa hiyo kocha akiita propu mmoja anayecheza kushoto na kulia, amepata nafuu kubwa kuliko kumpata winga mpya.

Fainali ya Kombe la Dunia ya 2023 pale Paris ingefaa kufundishwa darasani kwa ajili ya jambo hili. Afrika Kusini walikuwa wamempoteza huka wao Malcolm Marx kwa jeraha mwezi Septemba. Badala ya kuita huka mwingine, walimwita Handré Pollard, mpigaji mateke. Wengi walishangaa. Katika fainali dhidi ya New Zealand waliweka benchi fowadi saba na beki mmoja tu. Dakika za mwanzo kabisa huka Bongi Mbonambi akaumia. Aliyeingia ni Deon Fourie, mwenye miaka 37, aliyekuwa akicheza zaidi kama flanka katika timu hiyo, na akabaki uwanjani karibu mchezo mzima. Lainauti iliwasumbua. Skramu ilihitaji subira. Lakini alikaba hadi mwisho, Pollard akafunga penalti nne, na Afrika Kusini wakashinda 12–11. Unaweza kusema kocha alikosea na akaokolewa. Unaweza kusema alipima vizuri kwamba mateke ya Pollard yana thamani kuliko huka wa tatu. Nimesikia hoja zote mbili zikitetewa kwa heshima, na mimi naona uteuzi ule ulikuwa sahihi kwa sababu moja: Fourie alikuwa amewahi kucheza huka kwa miaka mingi katika ngazi ya klabu. Lilikuwa chaguo la mtu anayezikumbuka kazi zote alizopata kuzifanya kila mchezaji wake.

Turudi Kenya, maana huko ndiko mjadala huu unakouma. Dunia inaijua Kenya kwa raga ya wachezaji saba. Tarehe 17 Aprili 2016 huko Singapore, timu iliyoongozwa na nahodha Andrew Amonde iliifunga Fiji 30–7 katika fainali na kutwaa taji la kwanza la mfululizo wa dunia. Furaha ile ilikuwa halali kabisa. Lakini raga ya saba inahitaji skramu ya watu watatu kwa watatu, fupi, isiyochosha, na inahitaji watu wa kukimbia. Kijana mrefu, mzito kiasi na mwenye mbio, ambaye katika kumi na tano angekuwa flanka bora au namba nane, huchukuliwa mapema kwenda saba, na mwili wake hujengwa kwa kazi hiyo. Simlaumu kijana wala kocha wa saba. Ninachosema ni kwamba anayeteua fowadi wa Simbas huanza kuteua baada ya mwingine kuchagua kwanza.

Hata hivyo Kenya wamewahi kukaribia sana. Julai 2014, mjini Antananarivo, waliifunga Namibia 29–22, Namibia ile ambayo kutoka 1999 hadi 2023 haikukosa Kombe la Dunia hata moja. Siku chache baadaye wakafungwa na Zimbabwe 28–10, na nafasi ya kwenda Uingereza 2015 ikaenda Namibia kwa tofauti ya pointi. Mwaka 2018 huko Marseille, katika mashindano ya nafasi ya mwisho, walifungwa na Canada 65–19, na Hong Kong 42–17, na Ujerumani 43–6. Mwaka 2022, baada ya kupoteza fainali ya Afrika kwa Namibia 36–0, wakaenda Dubai kwa nafasi ya mwisho tena: Marekani 68–14, kisha Ureno 85–0.

Namba hizo zinatisha zikisomwa harakaharaka. Zisomwe taratibu. Ureno ile iliyowafunga 85 ndiyo iliyokwenda Kombe la Dunia mwaka uliofuata ikaishinda Fiji 24–23. Na Wakenya walewale, siku sita baada ya kipigo kile, walirudi uwanjani na kufungwa na Hong Kong 22–18, pointi nne tu. Fowadi wanaopigwa hivyo Jumamosi moja, kisha Ijumaa inayofuata wakainama tena kwenye skramu na kushindana hadi mwisho, hawana upungufu wa moyo. Walichopungukiwa ni mechi ngumu. Skramu haifundishwi ubaoni. Propu anajifunza kwa kubanwa na mtu anayemzidi, mara nyingi, kwa miaka, na anayembana katika ligi ya nyumbani akiwa dhaifu, basi anajifunza mambo yasiyomsaidia ng'ambo.

Ndiyo sababu nawaheshimu wanaobishana kuhusu klabu. Miaka ya karibuni KCB ya Nairobi na Kabras Sugar ya Kakamega zimetawala Kenya Cup, na kila timu ya taifa inapotajwa swali linarudi: tuchukue propu bora, huka bora na propu bora mwingine, kila mmoja kutoka klabu yake, au tuwachukue watatu wa klabu moja waliofungana mikono kila mwisho wa wiki? Upande wa kwanza una haki. Jezi ya taifa ni ya walio bora. Mimi niko upande wa pili, na sisiti. Katika mstari wa mbele, kuzoeana ni sehemu ya ubora. Huka anayejua propu wake wa kulia huvuta pumzi lini, na uzito wake huegemea wapi akichoka, ana kitu ambacho kambi ya wiki mbili haiwezi kumpa. Ningembadilisha mmoja tu katika watatu hao, tena kama namba tatu wa klabu nyingine anamzidi waziwazi, mbele ya macho ya kila mtu. Wengine wangeongeza wachezaji walioko Ulaya. Wakaribishwe, lakini waje mapema wafungane na wenzao, wasifike siku ya mechi na sifa zao tu.

Kuna jambo la umri pia, na hapa wateuzi wetu wa Afrika Mashariki huwa na haraka. Propu huchelewa kukomaa kuliko winga. Tendai Mtawarira, mzaliwa wa Harare, alianza kama mchezaji wa nyuma ya skramu na akageuzwa kuwa propu alipokuwa kijana huko Durban. Aliingia timu ya Afrika Kusini mwaka 2008 na akacheza mechi 117 za kimataifa, ya mwisho ikiwa fainali ya 2019 mjini Yokohama. Siku hiyo namba tatu wa Uingereza, Kyle Sinckler, aliumia dakika za mwanzo; aliyeingia, Dan Cole, alilazimika kuubeba mchezo karibu wote akiwa mbele ya Mtawarira, na penalti za skramu zikaanza kumiminika. Afrika Kusini 32, Uingereza 12. Mtawarira alikuwa na miaka 34. Kila skramu ya miaka iliyotangulia ilikuwa imemfundisha kitu, na siku ile alikitumia chote.

Kenya iliwahi kuwa na mbegu ya namna hiyo. Mwaka 2019 timu yake ya vijana chini ya miaka 20, Chipu, iliifunga Namibia 21–18 jijini Nairobi na kutwaa ubingwa wa Afrika. Fowadi wa Namibia wa umri uleule walizidiwa au walilingana na wa Kenya. Tofauti inayokuja baadaye, kati ya miaka 20 na 28, inatokana na mechi na subira ya wateuzi. Kijana wa miaka 21 akisukumwa nyuma mara tatu katika mechi moja, anaachwa, na anayefuata anaanzia pale alipoanzia yeye. Hapo jembe haliwezi kufika mwisho wa shamba.

Julai 2025, jijini Kampala, Zimbabwe waliifunga Namibia 30–28 katika fainali ya Afrika na kurejea Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1991. Kenya walikuwa wametolewa na Zimbabwe haohao katika nusu fainali. Mlango ambao kwa miaka mingi ulionekana wa Namibia peke yake umefunguliwa na jirani, na jirani huyo si tajiri.

Kwa hiyo, msomaji, Simbas watakapocheza tena, ukipata mahali pa kuwaona, uache mpira kwa dakika kumi. Mtazame namba tatu: miguu yake kabla ya amri, mgongo wake baada yake, na sekunde ngapi anachukua kuinuka na kukimbilia kazi inayofuata. Ukishaona hivyo utakuwa na haki ya kubishana nami kuhusu jina lake. Na kwa wateuzi wa Nairobi, neno langu ni moja. Kombe la Dunia la 2031 litachezwa Marekani. Propu wa kulia atakayekuwa na umri wa kulibeba yuko sekondari sasa hivi, huenda Kakamega, huenda Nakuru. Mtafuteni kabla ya winga, mumfunge pamoja na mkongwe, na akisukumwa nyuma mara ya kwanza, msimwache.